Alitunga, au Alichukulia

Faili lilikuwa jembamba: karatasi tano na daftari moja la shule, la mistari, lenye gamba la kijani. Inspekta alilisoma lote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akalisoma upya. Wenzake kituoni walimwita Mama Taratibu, na hawakuwa wakimsifu. Jina hilo alishalizoea, na hakuona sababu ya kuongeza mwendo.

Mambo yalivyoandikwa yalikuwa hivi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza alipatwa na kiharusi miezi miwili iliyopita. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukafungwa. Kabla hajapata nafuu, kidonda cha sukari kwenye mguu wa kulia kikachachamaa, na madaktari wakasema mguu ukatwe. Ulikatwa chini ya goti, wiki tatu sasa. Fomu ya hospitali ilikuwa na visanduku viwili: kimoja cha mgonjwa aliyekubali mwenyewe, kingine cha mgonjwa asiyeweza kuamua, ambaye watoto wake wote wanaopatikana hutia saini kwa niaba yake. Binti wa Mwalimu, fundi cherehani aliyekuwa akimuuguza, alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Chini ya alama hiyo pakagandamizwa dole gumba la Mwalimu.

Mdogo wake huyo binti, fundi wa lifti aliyekuwa akifanya kazi mbali, alikuwa amesema kwa simu wamsubiri. Kazini walichelewa kumpa ruhusa, akafika wiki ya tatu na kumkuta baba yake ana mguu mmoja. Alikaa kando ya kitanda siku mbili, na siku ya tatu akaja kituoni na malalamiko matatu. La kwanza, dole lililogandamizwa ni la mkono wa kulia, mkono uliokufa. La pili, alimuuliza baba yake kama dada yake alimlazimisha, na baba akaitikia kwa kichwa. La tatu lilikuwa daftari la kijani, alilolikuta chini ya mto. Ndani yake, kwa mwandiko wa mkono wa kushoto uliopindapinda kama uzi uliofumuliwa, Mwalimu alikuwa ameandika: "She construed my nod as consent."

Konstebo wa mapokezi aliitafsiri sentensi hiyo kwa wino wa bluu: "Ametunga ridhaa yangu kwa kunitikisa kichwa." Tafsiri hiyo ndiyo iliyomweka binti mahabusu tangu jana asubuhi. Saa nane mchana faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka. Sasa ilikuwa saa tatu kasoro robo.

Inspekta alimwita Konstebo, mtu mzima mwenye mvi zilizoanzia masikioni, akamwomba amweleze alivyofika hapo. Konstebo alitoa kwenye mtoto wa meza kamusi ndogo ya mfukoni isiyo na gamba. Akaonyesha kwa kidole. Neno lenyewe halikuwamo. Lililokuwapo ni "construct", lenye maana ya kujenga, kuunda, kutunga, na baada yake kamusi iliruka moja kwa moja hadi "consul", yaani balozi.

"Kwa hiyo ukachukua la jirani," alisema Inspekta.

"Yanafanana, Afande. Herufi saba za mwanzo ni zilezile."

"Wewe na mdogo wako mnafanana pia. Nikikutafuta wewe, nimkamate yeye?"

Konstebo aliifunga kamusi taratibu. Alisema sentensi ilimjia kama picha: binti amekishika kichwa cha baba yake kwa mikono miwili, anakiinamisha na kukiinua. Inspekta hakumlaumu kwa hilo. Picha hiyo ilimjia hata yeye alipoisoma mara ya kwanza, na ingemjia vilevile hakimu yeyote. Alichukua daftari na faili, akaenda chumba cha mahojiano.

Binti wa Mwalimu aliketi miguu mitupu, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimehifadhiwa mapokezi pamoja na kilemba chake na mkoba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ncha ya kidole chake cha shahada imekuwa ngumu kwa kuchomwa na sindano. Inspekta alianza na dole gumba. Jibu lilikuja bila kusita: mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye kibao kwa ajili ya dripu, na sindano isingeweza kuguswa. Aliyelichovya dole la kulia kwenye wino na kuliweka kwenye fomu ni Sista wa zamu. Inspekta aliandika, akapiga mstari chini ya jina la Sista, akahamia kwenye kichwa.

 Binti akaeleza kwamba tangu kiharusi, baba yake huitikia kila kitu. Ukimuuliza kama ameshiba, anaitikia. Ukimuuliza kama ana njaa, anaitikia. Kichwa kinakwenda chini na juu, naye hana uwezo nacho.

Inspekta aliweka kalamu mezani. "Dada, unaelewa unachoniambia? Unaniambia ulijua kuitikia kwake si jibu."

"Nilijua, Afande."

"Na bado ukaweka alama kwamba amekubali."

"Niliweka."

Alisimulia akitazama mikono yake. Daktari alisema hadi kesho yake sumu ingekuwa imeingia kwenye damu. Mdogo wake alikuwa umbali wa siku tatu, na simu yake ilisema neno moja tu, msubiri. Kisanduku cha pili kilitaka saini yake pia, naye asingeitia. Akamwinamia baba yake akamuuliza: wakate? Akaitikia. Akamuuliza: wasikate? Akaitikia. Basi akaacha kuuliza. Akamshika mashavu, akamtazama usoni mpaka Sista akakohoa mlangoni. Mzee alikuwa akilia, lakini hakuwa ameyafumba macho wala kuyakwepesha.

"Nikachukulia kwamba anataka kuishi," alisema.

"Alikuambia hivyo kwa njia yoyote?"

"Hapana. Nilichukulia."

Inspekta aliliandika neno kama lilivyotamkwa. Kisha akalifungua daftari na kulisogeza upande wa pili wa meza, kwa sababu mtuhumiwa ana haki ya kuuona ushahidi unaomhusu. Binti hakusoma Kiingereza zaidi ya majina ya vitambaa. Aliacha shule mama yake alipofariki, akashika nyumba na kumlea mdogo wake. Alipitisha kidole chake kigumu juu ya herufi zilizopinda, moja baada ya nyingine.

"Ameweza kuandika," alisema kwa sauti ya chini. "Waliniambia anafanya mazoezi. Sikujua amefika huku."

Hakuuliza kilichoandikwa. Inspekta alisubiri aulize, kisha akalifunga daftari mwenyewe.

Aliondoka na gari la kituo, na fundi wa lifti, aliyekuwa akingoja mapokezi, akaketi kiti cha mbele kando yake. Alikuwa pandikizi la mtu, mabega yamezidi kiti, lakini alikaa kama aliyealikwa mahali asipopajua. Inspekta aliendesha hadi taa za pili za barabarani, ndipo akauliza kwa nini alitaka wasubiri. Alijibu kwamba kuna hospitali nyingine, kuna madaktari wengine, watu husikia mambo ya kupona.  Taa zikawaka kijani.

"Sijamwona miaka minne," alisema yule bwana akitazama dirishani. "Kila mwaka nasema mwaka huu naenda. Nilitaka nimkute amesimama."

Wodini walianza kwa Sista, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani. Alikumbuka bila kutazama kitabu. Mkono wa kushoto ulikuwa na dripu, kweli kabisa, na dole la kulia alilishika yeye kwa mikono yake. Alitoa karatasi ya zamu ya siku ile, na mchoro wa mahali sindano ilipowekwa ulionyesha mkono wa kushoto. Inspekta alinakili tarehe na saa. Lalamiko la kwanza lilikuwa limeanguka. Fundi wa lifti aliona lilivyoanguka, akatazama viatu vyake.

Mtu wa pili alikuwa mtaalamu anayewafundisha wagonjwa wa kiharusi kuongea tena. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina kioo kirefu na rundo la kadi za picha: kikombe, mlango, paka. Mama huyo alieleza kwamba ubongo ukiumia huweza kuiachia lugha moja na kuinyang'anya nyingine. Mwalimu alipoteza maneno ya nyumbani, ya kusema na ya kuandika pia, lakini Kiingereza alichokifundisha miaka arobaini kilibaki kwenye mkono. Kwa hiyo walikubaliana: kila siku neno moja na sentensi moja yenye neno hilo. Alianzia herufi C. Za A na B alizikataa. Aliandika kwamba hizo ni za watoto wa darasa la pili.

Inspekta alilirudisha daftari mwanzo, akapitia ukurasa kwa ukurasa. Kila neno lilikuwa limepigiwa mstari. Siku ya neno la kulalamika, Mwalimu aliandika kwamba mzee wa kitanda cha tatu analalamikia dirisha. Siku ya neno la kuficha, Sista amenificha sukari. Siku ya neno la kufariji, binti yangu hunifariji kwa habari za wateja wake. Halafu likaja lile la "construe".

"Kumbe ni zoezi tu," alisema fundi wa lifti, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuta pa kukaa. "Ni mfano. Pengine halihusu kitu."

Lilikuwa wazo zuri, na Inspekta alitaka liwe kweli. Lakini alirudi kwa Sista na kumuuliza habari za sukari. Sista alisema ndiyo, aliificha, maana Mwalimu alikuwa akinyoosha mkono kwenye bakuli la jirani kama mwizi wa mchana. Mzee wa kitanda cha tatu naye alikiri mwenyewe, tena kwa kirefu, kwamba dirisha halifungiki sawasawa. Mifano ya Mwalimu ilitoka kwenye siku zake. Kwa hiyo sentensi ile nayo ilikuwa habari, na Inspekta alibaki nayo mkononi kama mwanzo: ilisema nini hasa?

Mtaalamu alishusha kutoka rafuni kamusi nene ya Mwalimu mwenyewe, iliyoshonwa upya mgongoni kwa uzi wa cherehani. Waliinamia ukurasa wote watatu. Neno lilikuwamo, nalo halikuhusu kujenga wala kutunga. Ni kulichukulia jambo kuwa lina maana fulani: neno la mtu, tendo lake, hata kimya chake. Mawakili hulitumia kwa vifungu vya sheria. Watu wa kawaida hulitumia kwa mambo kama haya ya mtu asiyejibu.

"Kwa hiyo ameandika kwamba alichukulia kuitikia kwake kuwa ni ridhaa," Inspekta alisema polepole.

"Hasa," alisema mtaalamu. "Na neno lenyewe halihukumu. Halisemi kama alichukulia sawa au vibaya. Ukitaka kusema amechukulia vibaya, kuna neno lake, unaongeza herufi tatu mbele." Akafungua kurasa za M na kuonyesha: "misconstrue".

Inspekta alisema mwalimu wa miaka arobaini asingesahau herufi tatu. Fundi wa lifti alifikiri kidogo, akajibu kwa adabu kwamba mkono wa baba huchoka haraka. Pengine aliziacha kwa uchovu.

 Faili likienda hivyo, wakili yeyote angeuliza swali hilohilo. "Basi tumuulize mwenyewe," alisema Inspekta.

Mwalimu alikuwa amekalishwa kitandani, mito miwili nyuma, shuka limetandazwa kiunoni na kushuka bapa upande mmoja. Alikuwa amenyolewa ndevu. Inspekta alimwamkia shikamoo, akajitambulisha kazi na cheo, kisha akaketi mahali ambapo mzee angemwona bila kugeuza shingo.

"Mwalimu, mimi ni mwanamke?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Mimi ni mwanamume?"

Kichwa kilishuka kikapanda vilevile. Upande mzima wa mdomo wake ukakunjika kwa tabasamu la kujionea haya. Inspekta hakumtazama fundi wa lifti, lakini alimsikia akivuta pumzi. Lalamiko la pili lilikuwa limekwenda, na aliyeliona likienda ni mwenyewe aliyelileta. Siku mbili alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki akimuuliza baba yake kama dada alimlazimisha, na kila mara akipewa jibu lile lile.

"Na mimi nilichukulia," alisema. 

Inspekta alichana karatasi mbili. Kwenye moja akaandika "construed", kwenye nyingine "misconstrued", akaziweka kwenye sinia ya chakula. Alimweleza Mwalimu kwamba anahitaji kujua ni lipi alilokusudia siku ile, na kwamba hakuna haraka. Mwalimu alizitazama. Mkono wa kushoto ulitambaa juu ya sinia, ukagusa karatasi ya pili, ukaisukuma kidogokidogo hadi ukingoni, mpaka ikaanguka sakafuni. Kisha vidole vikafunguka na kufumba. Alitaka kalamu.

Aliandika kwa muda mrefu. Mtaalamu alimshikia daftari lisiteleze. Mistari ilikuwa mifupi, na kila mmoja ulipokwisha Mwalimu alipumzika, mtaalamu akausoma kwa Kiswahili kwa sauti ya kawaida, Inspekta akaunukuu pande zote mbili.

Sikutaka wanikate. Nilitaka kuishi. Kichwa hakikuweza kusema yote mawili. Binti yangu alinisoma.

Inspekta alidhani amemaliza. Lakini Mwalimu aligeuza macho kwa mwanawe, akamtazama mpaka yule bwana akashindwa kusimama, akaketi ukingoni mwa kitanda. Ndipo kalamu ikarudi kwenye karatasi: "He said wait. Do not misconstrue him."

"Alisema tusubiri," mtaalamu alitafsiri. "Msimwelewe vibaya."

Fundi wa lifti alitikisa kichwa kukubali, macho yamejaa. "Sawa, Baba. Hatutamwelewa vibaya dada. Nimekosea mimi."

Inspekta aliusogeza ukurasa usoni mwake kuhakikisha. "Ngoja, mdogo wangu," alisema. "Kwa Kiswahili chetu huyu anaweza kuwa yeyote, dada au kaka. Kiingereza kinatenganisha. Hili hapa la mwisho ni neno la mwanamume." Aliweka kidole chini yake. "Hazungumzii habari za dada yako. Anatuambia sisi, kuhusu wewe."

Yule bwana alilitazama neno, herufi tatu za mkono uliochoka. Akaushika mkono wa kushoto wa baba yake, kalamu ikiwamo bado, akaulaza kwenye shavu lake, na wino ukamchora taya. Sista, aliyekuwa akija na vidonge, alisimama mlangoni, kisha akageuka akaenda kuanzia kitanda cha tatu.

Saa saba na nusu Inspekta alikuwa mezani kwake akiandika. Hakupamba. Aliandika kwamba kisanduku kilichotiwa alama hakikuwa sahihi, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kutoa ridhaa iliyo wazi, na kwamba hilo hospitali ina haki ya kuliuliza. Aliandika kwamba dole liligandamizwa na muuguzi kwa sababu inayothibitika. Aliandika kwamba hapakuwa na kughushi wala kulazimisha, na mgonjwa mwenyewe ameeleza kwa maandishi. Aliambatanisha ukurasa wa daftari. Alipendekeza mtuhumiwa aachiwe bila mashtaka. Konstebo aliombwa aifute tafsiri ya bluu, naye akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake, na kabla ya kutia saini akauliza kama "alichukulia" inaandikwa kwa neno moja. Mwendesha mashtaka alisoma dakika kumi, akasema kwa simu kwamba hana swali.

Binti wa Mwalimu alipokea viatu vyake, kilemba, mkoba, funguo na futi ya kupimia iliyoviringishwa. Alitia saini kila kitu. Alipogeuka akamwona mdogo wake amesimama kando ya benchi, mikono hajui aiweke wapi, na alama ya wino kwenye taya.

"Mzee amekula?" aliuliza.

"Kidogo. Anakusubiri wewe." Akampokea mkoba. "Dada, sijui nianzie wapi."

Dada alimtazama. Akalowesha ncha ya kilemba kwa ulimi, akamshika kidevu kama alivyomshika alipokuwa wa kwenda shule, akamsugua wino ule hadi ukabaki kivuli. Kisha akasema suruali zote za Baba zinataka kupunguzwa mguu mmoja. Wiki ijayo wanamtoa, na hawezi kurudi nyumbani na miguu ya suruali inayoburura. Amekuwa akizipanga mezani kila jioni na kuzikunja tena. Mkasi hauingii.

"Ziko ngapi?"

"Sita."

"Mimi nitashika," alisema mdogo wake, "wewe ukate."

Walitoka pamoja, yeye akiwa amebeba mkoba wa dada yake, na Inspekta akarudi ndani kufunga faili.